Sifuri Nilizoandika Ruvu

Siku moja mtapewa kitabu cha kuandikia kina cha mto, nanyi mtaona hiyo ni kazi ya mtu mvivu. Mimi niliona hivyohivyo. Unaamka, unaswali, unashuka mtoni, unatazama namba, unaiandika, unarudi kunywa uji. Niliifanya kazi hiyo kwenye kingo za Ruvu, upande wa Dutumi, na baadaye nikawa mwendesha mashine ya maji ya kijiji mpaka nilipostaafu. Ninawaandikia nyinyi, wajukuu zangu mliosoma kunizidi, kwa sababu katika kazi hiyo nyepesi mtoto mmoja alikufa, na kosa langu limo katika kifo chake. Nitafika huko. Msinikimbize, magoti yangu yenyewe siku hizi hayakimbiziki.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Jina la babu yangu ni Mwinyimvua, na limenipa taabu maisha yangu yote, maana kila mvua ilipochelewa watu walinitazama mimi kana kwamba nimeificha uvunguni. Kwetu tulikunywa maji ya kisima cha bondeni. Kila mwaka, kabla ya vuli, kisima kilifukuliwa. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe lake, tope likatolewa mpaka mchanga mweupe ukaonekana, na siku hiyo hakuna aliyechota mpaka maji yatulie. Aliyekosa kuja aliimbwa kwenye ngoma mwaka mzima. Mtu aliyeingia ndani alitoka na habari: mwaka huu maji yako karibu, au mwaka huu yamekwenda mbali. Hakuna aliyeandika. Tulikijua kisima chetu kwa miguu yetu.

Miaka michache baada ya Uhuru nilijitokeza kuchimba mitaro ya mabomba, kazi ya kujitolea, jembe lako na chakula chako. Hapo ndipo aliponiona Mzee Maganga. Alikuwa fundi wa mashine za maji, Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, sauti yake kubwa kuliko kifua chake, akizunguka kwa baiskeli kutoka kituo hadi kituo. Mnajua, au pengine siku hizi hamjui, kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akaniuliza Wazaramo wamejifunza lini kushika jembe, maana yeye alidhani mikono yetu iliumbwa kwa ajili ya kupiga ngoma tu. Nikamjibu kwamba babu yake alifika pwani na mzigo wa mtu mwingine kichwani, na mpaka leo ukoo mzima shingo hazijanyooka. Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata akaniombea kazi.

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba mashine ikikusumbua, weka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, utasikia ndani kunavyosema. Alinifundisha kusoma kipimo cha mto. Kilikuwa vibao vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe vyenye namba nyeusi, vimesimikwa kama ngazi kutoka juu ya ukingo hadi ndani ya maji. Wahandisi walikuwa na jina lao. Sisi tuliviita rula. "Mto hautulii," alisema. "Tazama wimbi likipanda, tazama likishuka, andika katikati. Na usisome umesimama kama askari wa gwaride. Chuchumaa, macho yawe sawa na maji, la sivyo utauibia mto." Nikachuchumaa. Rula ya mwisho kabisa, ya chini kuliko zote, ilianza na sifuri.

Wakati wa kiangazi wanawake walikuja kufukua mchanga palepale kwenye shina la rula hiyo ya mwisho. Maji ya mto yenyewe yalikuwa na tope, na mamba nao hawakukosekana. Maji ya kwenye shimo la mchanga yalikuwa safi, mchanga umekwisha kuyachuja. Tena rula ilikuwa na pembe nzuri ya kuning'inizia kata. Mimi, mtumishi wa serikali mwenye kofia, niliwafukuza kila asubuhi.

"Hii ni mali ya serikali, si kabati la vyombo!"

"Na mchanga huu wa nani, bwana Rula? Kaurithi mama yako?"

Aliyenijibu siku zote alikuwa Siwatu, mke wa mkulima mmoja wa korosho. Alinizidi umri kidogo, nami nilimwita dada. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko vyote. Wenzake walicheka, nami nilijifanya nimekasirika. Kwa kweli asubuhi ambayo hakuja niliiona imepooza.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikwenda Kisarawe kwenye arobaini ya shangazi yangu nikakaa siku nne. Kitabu kikabaki na mistari minne mitupu. Mzee Maganga alipokipitia hakunitania hata kidogo.

"Mstari mtupu maana yake mtu hakuwepo kazini," alisema. "Wakiuona huko juu watasema kituo hiki hakina mtu, watakifunga. Usiniachie mstari mtupu tena. Hata mto ukipaa mbinguni, wewe andika."

Basi kikaja kiangazi kibaya, na maji yakaiacha rula ya mwisho. Ilisimama kwenye mchanga mkavu, na mto ukawa unapita kando, chini yake. Nilichuchumaa kama nilivyofundishwa. Namba hakuna. Darasa langu la nne lilinifundisha kuhesabu kuanzia moja kwenda juu, na sifuri ndiyo ilikuwa sakafu. Chini ya sakafu kuna nini? Sikujua kama kuna kitu. Nikaandika sifuri. Kesho yake maji yalikuwa yameshuka zaidi, nikaandika sifuri. Niliandika hivyo wiki baada ya wiki mpaka mvua za vuli zikaja kuniokoa.

Siwatu aliniona siku mojawapo. Alikuwa amepiga magoti mchangani, mkono umezama shimoni hadi kwenye kifundo.

"Unaandika nini, na maji yameikimbia rula yako?"

"Sifuri."

"Sifuri ya jana au ya leo?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuulizwa swali la maana kuliko lile.

Miaka iliyofuata haikuwa yote mibaya. Mwaka mmoja ungeleta nafuu ukajisahau, kisha ikaja miwili mikavu mfululizo. Nyinyi mna jina lake, mnasema mabadiliko ya tabianchi, na mnayo mitambo ya kuyafuatilia. Sisi tulisema mwaka umegeuka. Wengine waliwalaumu watu wa juu ya mto waliokata misitu, wengine walilaumu dhambi za vijana, maana vijana hulaumiwa kwa kila jambo. Tulichokuwa na uhakika nacho ni kwamba vuli ilikuwa haijui tena tarehe yake. Lakini ukikisoma kitabu changu ungeapa kwamba mto wa kiangazi haukubadilika hata kidole kimoja. Kila ulipofika chini, palikuwa na sifuri inaungoja.

Ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Jina la kijiji chetu sitalitaja, watoto wa wahusika wapo hai. Watu walitoka kwenye makazi yao ya bondeni, wakapangwa mahali pa juu, nyumba zikanyooka mstari mmoja. Nyuma yao walibaki mahame, yaani viwanja vya zamani, vyenye mikorosho, makaburi na visima. Visima vile vilikosa watu wa kuvifukua. Msimu wa kwanza vilijaa majani, wa pili vikajaa udongo, na wa tatu ungepita juu yake usijue. Hatukujali, kwa sababu tulikuwa tumeahidiwa bomba. Na bomba lilikuja kweli, msije mkasema nawasingizia wakubwa wa wakati ule.

Alikuja mhandisi kijana, mpole, aliyenipa mkono na kuniita ndugu. Alikaa siku mbili barazani kwangu akipekua vitabu vyangu na kuandika katika karatasi zake. Kisha akasimama mbele ya mkutano wa kijiji.

"Nimeona vitabu vingi vya mito," alisema, "lakini cha ndugu Mwinyimvua hakina hata mstari mmoja mtupu. Kinaonyesha kwamba mto huu haujawahi kushuka chini ya sifuri. Mdomo wa bomba la kuvuta maji tutauweka chini kidogo ya hapo, na tutakuwa salama."

Watu wakanipigia makofi. Nami nilijua. Nataka mnielewe vizuri hapa, maana ndipo lilipo kosa lenyewe. Kuandika sifuri ulikuwa ujinga, na mjinga huelimishwa. Lakini siku ile nilijua kwamba maji yalikuwa yameshuka chini ya rula, nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyesoma alikuwa amenisifu mbele ya watu, mke wangu amekaa pale na kanga mpya, nami nikanyamaza. Nilijiambia kwamba labda hiyo "chini kidogo" yake itatosha. Naona haya hadi leo ninapoandika.

Kijiji kizima kilichimba mtaro. Wanawake walibeba kokoto, wanaume wakachanganya zege, na mdomo wa bomba ukajengewa pale mtoni, imara kama kaburi la sultani. Siku maji yalipotoka kijijini vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo. Siwatu alikinga maji kwa kiganja akamnawisha uso mtoto aliyembeba mgongoni, Mwanaidi, binti yake wa mwisho, ambaye alilia kwa ubaridi.

"Leo nimekuachia rula yako, bwana," aliniambia. "Ipambe upendavyo."

Mzee Maganga na mimi tulikabidhiwa mashine, yeye kama mkubwa wangu akija kila mwezi, mimi kila siku. Kwa miaka kadhaa maji yalitoka bila wasiwasi, na Mwanaidi akakua. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali, kama mama yake. Alipenda kusimama mlangoni mwa chumba cha mashine ameziba masikio, akinikazia macho, mpaka nimpungie mkono ndipo aondoke.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mambo yaliharibika. Nyinyi mmesimuliwa. Sukari ilikuwa ya foleni, na ugali ulikuwa wa ule unga wa njano tuliouita yanga. Vuli haikunyesha kabisa. Masika yakanyesha siku chache, kwa hasira, yakaondoka. Kiangazi kilipokaza, asubuhi moja mashine ilibadilisha sauti. Mashine iliyojaa maji hunguruma chini kwa chini. Ikivuta hewa hupiga kelele kama kokoto ndani ya debe. Nilishuka mtoni nikaukuta mdomo wa bomba uko wazi, unanyonya hewa, na maji yako chini yake viganja viwili.

Tuliweka viroba vya mchanga kuyainua maji, mto ukapita pembeni. Nikaiwasha mashine hivyohivyo. Pampu hupozwa na maji yaleyale inayoyavuta. Ikivuta hewa inajichoma yenyewe. Nililijua hilo pia. Lakini nilikuwa kama mtu anayemtikisa maiti akidhani amelala. Siku ya tatu ikakwama kabisa, na kijiji kizima, cha watu walioacha visima vyao kwa sababu ya bomba langu, kikabaki hakina maji.

Wanawake wakarudi mtoni. Shimo la mchanga sasa lilikuwa la kwenda mbali, na kingo zake zilikuwa zinabomoka kabla hujajaza kata. Waliochoka walichota kwenye madimbwi yaliyobaki, yale ambamo ng'ombe walikuwa wanakanyaga. Baada ya siku chache kuhara kukaingia. Mwuguzi wa zahanati, mwenyewe amechoka, aliwaambia kina mama wachemshe maji, wachanganye chumvi na sukari, wawape watoto kidogokidogo. Siwatu alizunguka nyumba baada ya nyumba kutafuta sukari. Alipata vijiko viwili kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mwanaidi alikufa siku ya Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Alikuwa hajaanza shule.

Nilikuwamo miongoni mwa waliochimba kaburi. Watu walisema ni amri ya Mungu, na ni kweli. Wengine walisema ni wazee waliozikwa kwenye mahame wamekasirika kwa kuachwa. Kuhusu mashine walisema vyuma ni vyuma, huharibika. Hakuna hata mmoja aliyenitazama kwa jicho baya, na Siwatu mwenyewe alinishukuru kwa kuja. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilipofika nyumbani sikuweza kula, na nadhani mke wangu alikwishajua sababu.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya alasiri, Mzee Maganga alifika kwa baiskeli yake. Kumbe alikuwa amepitia kwanza mtoni, kisha chumba cha mashine, na alikuwa na vitabu vyangu vya zamani alivyovikuta humo, amevifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Mtani akifika msibani huwa na vituko vyake, atalia kwa uongo, atadai kuku, atamwiga marehemu. Kwa msiba wa mtoto mchezo hupunguzwa. Ila ruhusa yake ya kusema haipunguzwi, na anachokisema hakikasirikiwi.

Alikaa mkekani, akaomba maji. Akaletewa nusu kikombe. Aliyatazama, akakiweka kikombe chini bila kunywa.

"Nyinyi Wazaramo mmekwisha kusoma vitabu vyenu," alisema. "Sasa na mimi mpagazi nina changu."

Akafungua kitabu, akasoma kwa ile sauti yake kubwa. "Jumatatu, sifuri. Jumanne, sifuri. Jumatano, sifuri." Watu wakaanza kutabasamu, wamemzoea. Akafunua ukurasa. "Alhamisi, sifuri. Ijumaa, sifuri." Mmoja akacheka. Akachukua kitabu cha mwaka mwingine. "Jumatatu, sifuri. Jumanne, sifuri." Aliendelea muda mrefu, kitabu baada ya kitabu, mpaka kicheko kikaisha chenyewe na ikabaki sauti yake peke yake.

"Mtani wangu huyu ni hodari," alisema, akininyooshea kidole. "Ameupigilia mto misumari usishuke. Na Mnyamwezi aliyemfundisha ni hodari zaidi. Alimwambia asiache mstari mtupu, kisha akapita kila mwezi na baiskeli yake, akatia sahihi, asiiname hata mara moja kutazama rula imesimama wapi. Haya, tupeni kuku wetu sisi mahodari wawili, tumefanya kazi."

Uso wake ulikuwa bado wa utani, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

Siwatu alitoka ndani walikokaa wanawake, akasimama mlangoni.

"Sifuri ni nini, mtani?"

"Muulize mwenye kalamu, dada yangu."

Nikasimama. Nilieleza mbele ya watu wote, wanaume mkekani na wanawake waliojaa mlangoni. Nilisema kuhusu rula, kuhusu maji yaliyoshuka nami nikaandika yamesimama, kuhusu mhandisi aliyekiamini kitabu, na kuhusu mdomo wa bomba uliowekwa mahali ambapo mto ulikuwa umekwisha kupahama.

"Kwa hiyo ulijua," alisema Siwatu.

"Nilijua, dada."

"Siku ile ya mkutano, ulipopigiwa makofi, ulijua."

"Nilijua."

Akarudi ndani. Mume wake aliniomba niende nyumbani, kwa upole, kwa ajili ya usalama wangu. Mzee Maganga alinisindikiza akikokota baiskeli yake, na njia nzima hatukutaniana. Tulipofika kwangu alisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa kimetuumbua sote wawili, afadhali tufanye kazi."

Niliandika barua ya kueleza kosa langu kwa mwandiko wangu. Nilingoja kufukuzwa. Nilipewa onyo kali nikaachwa kazini, mpaka leo sijui kwa nini, labda hakukuwa na mwingine anayeijua mashine ile. Mhandisi alirudi, ujana umempungua. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: mto ulishuka kiasi gani, mwaka gani?

"Nikilishusha bomba kwa kubahatisha, nitakosea tena," alisema.

Nikafunua vitabu vyangu. Sifuri zangu zote zilikuwa zinafanana. Ndipo Mzee Maganga aliposema kwamba wapo watu waliokuwa wakipima kila siku, tena palepale kwenye shina la rula, nasi tuliwafukuza. Alikwenda yeye kumwomba Siwatu, maana mimi nisingethubutu. Sikutegemea angekuja. Alikuja na wenzake watatu, amejifunga kaniki ya msiba, hakunisalimu.

Alipiga magoti kwenye mchanga.

"Mwaka aliponichekesha na sifuri yake, nilifika hapa," alisema, akionyesha kifundo cha mkono. "Mwaka wa kuhama, hapa." Kiwiko. "Mwaka wa mimba ya Mwanaidi, hapa." Katikati ya kiwiko na bega. Kisha akalala kifudifudi, akautumbukiza mkono wote, shavu likagusa mchanga. "Na mwaka huu, hapa. Na bado nilikuwa nagusa maji kwa ncha za vidole tu."

Wenzake wakathibitisha, kila mmoja kwa mkono wake na kwa mwaka wa kuzaliwa mtoto wake, na hesabu zao zikakubaliana. Mhandisi akanipa utepe wa kupimia. Sikumgusa Siwatu. Alishika ncha mwenyewe, akaunyoosha mkono, nami nikasoma namba nikiwa nimechuchumaa. Mhandisi akanionyesha jinsi ya kuziandika, kwamba kuna namba chini ya sifuri, unaweka kimstari kidogo mbele yake. Kimstari tu. Nilikuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, na hicho ndicho nilichokosa kujua.

Siwatu alisimama, akapangusa mchanga shavuni.

"Usidhani nimekusamehe," aliniambia. "Nikiweza nitaanza kukusamehe, sasa siwezi. Lakini hilo bomba lishusheni chini ya mkono wangu, halafu mwongeze mkono mwingine mzima. Mto haujamaliza kushuka."

Mhandisi aliandika kama alivyosema.

Nyinyi mtaniuliza, kwani kama ningeandika ukweli tangu mwanzo, bomba lingedumu milele? Hapana. Tulikuwa tunajenga kwa kutazama mto uliokwisha kupita, na mto unaokuja una tabia zake. Masika ya baadaye yalikuja siku kumi kwa mkupuo, yakang'oa rula zote pamoja na kipande cha ukingo, na ikabidi tusimike nyingine juu zaidi ya tulivyowahi kufikiri. Mimi sina elimu ya kuwaambia mvua itafanya nini. Ninachowaambia ni hiki: kipimo kikikushinda, andika kwamba kimekushinda, na uandike ulichokiona kwa macho. Waulize wanaochota, wanajua kabla yako. Na mkubwa akikusifu kwa jambo unalojua si kweli, simama palepale useme, kwa sababu kesho yake itakuwa vigumu zaidi. Mimi niliahirisha siku moja, ikawa miaka.

Baada ya bomba kushushwa, kilipita kipindi kirefu Siwatu asiitikie salamu yangu. Nilimsalimu kila siku. Alichota, akajitwika, akaondoka. Sikumlaumu, wala sikuacha kumsalimu.

Kikaja kiangazi kingine kikali. Asubuhi moja rula ya chini ilikuwa imebaki mchangani. Nikapima kwa utepe kwenda chini, nikaandika namba yenye kimstari mbele yake, nikapanda kijijini. Maji yalikuwa yanatoka. Foleni ya ndoo ilikuwa ya kawaida, wanawake wakipiga soga. Siwatu alikuwa wa tatu. Alikinga, akatia kiganja ndani ya ndoo, akakitazama.

"Mwinyimvua," aliita.

"Naam, dada."

"Maji yako yana mchanga. Kalitazame bomba."

Nikashuka mtoni kulitazama.